Ushuhuda wa Joëlle

Siku hiyo nyumba ya Mama Fidélie kule mtaa wa Panda ilijaa mpaka wageni wakakalia ndoo. Bukari inasongwa, vikombe vya munkoyo vinazunguka, spika inapasua nyimbo za kanisa. Wote, na pasta wao, walikuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya Joëlle, mke wa mwanawe Magloire.

Joëlle mwenyewe alikuwa chooni.

Mwaka uliopita parsele nzima, wote waliochangia ua huo, ilikuwa ikimhesabia safari za choo hicho. Huyu kasema karogwa, yule kasema katembea na mume wa mtu. Daktari wa Lubumbashi ndiye aliyesema lingine: utumbo una vidonda, mwili wenyewe unaushambulia. "Ugonjwa huu hauishi, mama, unatulizwa tu. Vidonge usiache, hata ukijiona mzima." Akanywa. Damu ikakauka, mwili ukarudi, akauza tena makayabu, samaki wake wa chumvi, sokoni.

Hapo Mama Fidélie, aliyemfulia vitambaa vya damu bila kununa hata siku moja, akamwambia: "Mwana yangu, Mungu alikuponyesha. Utoe ushuhuda."

Na kanisani kwao aliyeponywa hashuhudii huku ana dawa kwenye mkoba; huko ni kumfanya Mungu mwongo. Joëlle akashuhudia. Akina mama wakamsindikiza nyumbani kwa nyimbo, akamwaga vidonge vyote kwenye shimo la choo, vigelegele hivyo! Aliamini kweli, ama alitaka sana kuamini. Alikuwa amechoka kuwa mgonjwa wa kila mdomo.

Sasa, wiki chache baadaye, alichuchumaa juu ya shimo lilelile, kitenge kipya kakikumbatia kifuani, na damu ilikuwa inatoka.

"Joëlle ee!" jirani yao Orpa akaita. "Uko mule unazala? Batu banakungoja!"

Wakacheka.

"Niko nakuja!"

Mara umeme ukakatika. Spika ikanyamaza, na parsele nzima ikasikia kilichokuwa kikitoka chooni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nyayo zikaja mlangoni. "Mwana yangu?"

"Mama, damu ilirudia. Ambia Magloire anipeleke kwa hospitali. Sasa hivi."

Kwenye ufa wa bati Joëlle aliona pindo la kitenge cha mama mkwe, sare waliyoshona pamoja. Lilisogea kuelekea uani, kisha likarudi.

"Vumilia kidogo," Mama Fidélie akanong'ona. "Pasta hayakula bado. Bakienda, tutakupeleka."

"Mama, sitaweza."

Mama Fidélie akawageukia wageni, akapiga makofi, akaanzisha pambio kwa sauti aliyoiacha ujanani. Nyumba nzima ikaitikia. Magloire akageuza ndoo, akaifanya ngoma.

Joëlle akamwita mumewe. Akamwita tena. Mwisho akapiga bati la mlango kwa ngumi, kwa nguvu zilizobaki, na huko nje mtu, sijui nani, akayafuata mapigo yake kwa makofi.