Kundi la Kulinganisha

Mtaa mzima walimwita Maswali, na mwenyewe alishazoea hata akasahau kukasirika. Ukimwona anakuja, mkoba begani, tableti kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, ujue kuna mtu leo ataulizwa anaweka akiba kiasi gani na kama anajiona ni mtu wa kuthubutu. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Maswali kaja! Maswali kaja!" Naye huwajibu, "Nimekuja, na swali la leo ni nani hajaoga." Hapo hubaki peke yake barabarani.

Kazi yake ilikuwa kuuliza na kuandika jibu. Siyo kuandika alichokiona. Hilo bosi wao, Daktari, alilipigilia msumari tangu siku ya mafunzo. Alikuwa daktari wa vitabu, wa kutibu hata mafua hawezi, lakini kwenye takwimu alikuwa moto wa kuotea mbali. "Ninyi ni masikio," aliwaambia. "Siyo macho, siyo mdomo. Mhojiwa akisema mbuzi wake anaruka angani, andika anaruka." Na ili mtu asijifanye mwema, tableti ilikuwa inarekodi sauti yenyewe kwa kushtukiza. Karani mmoja alinaswa akimnong'oneza bibi mmoja jibu, na kesho yake mkoba wake alibeba mwingine.

Utafiti wenyewe ulihusu wanawake wenye biashara ndogo. Kompyuta iliwapigia kura. Nusu wakapewa simu za kisasa, wakafundishwa kupiga picha bidhaa zao, kuziuza mtandaoni na kutunza hesabu, na kila mwezi wakatumiwa msaada kidogo wa mtaji. Nusu ya pili hawakupewa kitu, isipokuwa maswali. Hao waliitwa kundi la kulinganisha.

"Ukitaka kujua kama mbolea inafaa," Daktari alieleza, "lazima uache shamba moja bila mbolea."

"Na lile shamba tunaliambiaje?" Maswali aliuliza.

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, halafu akaeleza kwamba mafunzo yakionekana yanasaidia, wafadhili wangeleta awamu ya pili, na wale walioachwa wangepata kila kitu. Ila wasiambiwe. Wakiambiwa watakaa wanasubiri, na mtu anayesubiri hafai kwa takwimu.

Sasa kompyuta haijui undugu. Ilikwenda kwenye nyumba moja yenye milango miwili, ikaokota mlango mmoja, ikauruka wa pili. Mlango uliookotwa ulikuwa wa muuza mitumba. Uliorukwa ulikuwa wa wifi yake, mjane wa kaka yake, fundi cherehani aliyewashonea wari wa mtaa ule magauni yao ya harusi, na wengine magauni ya talaka, maana nako watu huenda wamependeza. Kati yao ulikuwepo ukuta wa mbao usiofika kwenye bati. Huku ukipiga chafya, kule unaombewa afya.

Mawifi hawa walitaniana asubuhi mpaka jioni.

"Wifi, sogea nikupige picha nikuweke mtandaoni, nikuuze."

"Ukiniuza, chenji uniletee."

"Chenji! Wewe nitamlipa mtu akuchukue."

Wakacheka, tena kicheko cha kweli. Lakini utani wa mawifi ni kama samaki: mtamu, ila kula unaangalia miiba. Kaka mtu alipokufa, maneno yalisemwa pale msibani. Nani aliyemchosha marehemu, nani aliyeolewa akaja na kisanduku kimoja tu. Yalisemwa yakazikwa, na kila mmoja alijua yamezikwa wapi.

Siku Maswali alipokuja kwa fundi mara ya pili, fundi alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akamwinamia.

"Dada, hebu niambie. Hawa watu huchaguaje?"

"Kompyuta, fundi. Inaokota tu."

"Inaangalia nini?"

"Haiangalii kitu."

"Mh! Hakuna anayechagua bila kuangalia, dada yangu. Hata nzi huangalia." Akashusha sauti. "Mara ile ya kwanza ulipokuja nilikwambia biashara inachechemea. Wifi yangu mimi nilimsikia, alisema yake inakimbia. Nani kapewa?"

Maswali akafungua mdomo, akaiona taa ndogo nyekundu kwenye tableti, akaufunga.

"Haya. Biashara yako kwa sasa unaionaje? Mbaya sana, mbaya, ya wastani, nzuri, au nzuri sana?"

"Nzuri sana," alisema fundi kwa sauti ya kuhutubia.

"Wateja?"

"Wateja mpaka nawakataa! Nina mikono miwili tu, nifanyeje?"

Nyuma ya ukuta wifi mtu akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesikia.

Maswali akaandika. Macho, aliyoambiwa hana, yakashuka sakafuni. Sakafu ya fundi cherehani haikosi uchafu wake: vipande vya kitambaa, nyuzi zinazokung'ang'ania miguuni hadi nyumbani kwako. Sakafu ile ilikuwa safi kama ya hospitali. Mtoto wa fundi, msichana wa sekondari, alikuwa amekaa mlangoni anasoma kitabu, na ilikuwa siku ya shule.

"Leo hamsomi?"

"Amerudishwa kidogo," fundi akadakia. "Mambo ya kawaida. Endelea, dada."

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye ratiba. Mvua ilikuwa imenyesha, na Maswali alivua viatu mlangoni. Msichana hakuwepo, alikuwa shuleni, na moyo wa Maswali ukashangilia kidogo. Pale dirishani, mahali pa cherehani, palikuwa na meza, na juu yake kitambaa cha maua kimefunika kitu chenye mgongo na kichwa, kama cherehani kinavyokaa kikifunikwa. Fundi alimkalisha akikipa mgongo. Lakini upepo hauna adabu. Ukaingia, ukanyanyua pindo la kitambaa, na Maswali alipogeuka kutazama dirishani akaona ndoo iliyogeuzwa, na juu yake sufuria mbili zimelazwa ubavu.

Fundi akaona kwamba ameona. Akaenda, akashusha pindo taratibu, akarudi kukaa.

"Je," Maswali alisoma, "una kifaa cha kazi ambacho ni chako na kinafanya kazi?"

"Ninacho."

Maswali akaziba kitundu cha sauti kwa dole gumba. Akaonyesha meza kwa kidevu. Akatikisa kichwa. Akasema kwa midomo tu: sema kweli.

Fundi akautazama ukuta wa mbao. Upande wa pili wifi alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, na ghafla hakuwa anaongea tena.

"Andika, dada," fundi akasema, kila neno likasimama peke yake. "Kipo. Na nafikiria kuongeza cha pili."

Alimsindikiza mpaka kona, kama mgeni wa heshima. Huko tableti ilikuwa imelala ndani ya mkoba, haisikii kitu, na Maswali hakuwa na pa kujificha tena.

"Fundi, kiko wapi?"

"Nilikiuza. Nifanyeje? Mtoto anarudishwa ada mbele ya wenzake, anakuja ananiangalia hasemi kitu. Afadhali angelia." Akacheka kidogo, bila furaha. "Yuko darasani sasa. Na mimi nikichaguliwa, nikapewa ile simu na mafunzo, naanza upya kidogo kidogo. Nitanunua hata kibovu."

"Lakini watu hawachaguliwi hivyo, fundi."

"Kwa hiyo wanachaguliwaje?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda. Sentensi moja tu: mkionekana mna hali mbaya, ndipo mtasaidiwa. Maswali aliyajua maneno hayo, aliyaonja ulimini. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile, na wa awamu ya pili ungetolewa kwa makarani waaminifu. Naye alikuwa na watu wake wa kulisha. Na tena, akajiambia, mtu mmoja ni tone baharini. Watafidia wengine.

"Sijui," akasema.

Fundi akamshika mkono. "Basi usiniharibie. Nakuomba. Uliyoyaona, uliyaona kama ndugu."

"Ni siri yangu, fundi."

Alipofika barabara ya lami akabonyeza kitufe cha kutuma. Dodoso likaenda.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa shule ya msingi, watu wazima wamekalia madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Fundi alifika mapema, kavaa gauni alilolishona mwenyewe enzi zake, akakaa mbele kabisa. Wifi akakaa nyuma yake. Maswali alikuwa amesimama ukutani na makarani wenzake, wakigawa chupa za maji.

Daktari akawasha mashine yake, na ukutani zikatokea nguzo mbili, moja ya bluu, moja ya njano, zimelingana kama mapacha.

"Hii ni ya waliofundishwa. Hii ni ya kundi la kulinganisha. Mnaona? Hakuna tofauti! Akina mama mliobaki bila msaada wowote, mmefanya vizuri sawasawa na wenzenu. Hongereni sana."

Makofi. Fundi alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, akageuka kumtazama wifi yake, uso umemjaa nuru.

"Kwa hiyo," Daktari akaendelea, akivua miwani aifute, "wafadhili wameona mafunzo haya hayaongezi kitu. Awamu ya pili, ambayo ingewapa kundi la kulinganisha simu na mafunzo, haitakuwepo. Na ule msaada wa kila mwezi kwa waliofundishwa unasimama. Tunawashukuru, mmetusaidia kujua."

Chupa za plastiki zilibonyea mikononi. Fundi akanyoosha mkono, kama mwanafunzi, kwa kuwa alikuwa amekaa pa mwanafunzi.

"Samahani, Daktari. Sisi tuliofanya vizuri tunapata nini?"

"Mmetupatia maarifa, mama."

"Maarifa yanapikwa na nini?" mtu akapaza sauti nyuma, na wachache wakacheka.

Fundi hakucheka. "Na kama tungesema hali ni mbaya?"

"Kama ingeonekana mbaya, basi mafunzo yangeonekana yanafaa, na mngepewa." Daktari akasita. Hakuwa mjinga, tatizo lake halikuwa hilo. Akavaa miwani, akawatazama. "Kwani kuna mtu hakusema kweli?"

Maswali alizitazama safu za mbele. Wanawake wale aliwajua wote, amekaa kwenye viti vyao vyote. Muuza genge aliyemwambia analala na akiba. Msusi aliyemwambia ana wasaidizi. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, anasoma miguu yake, na nyuma yake amekaa mkwe, jirani, au shemeji. Halikuwa tone moja, basi. Ilikuwa bahari nzima. Akainama, akachukua chupa nyingine ya maji, akaigawa.

"Nani?" Daktari akarudia, kwa upole kabisa.

Hakuna aliyenyanyua hata kidole.

"Basi," akasema, na nguzo zikazimika ukutani.

Nje jua lilikuwa kali. Maswali alimkuta fundi chini ya ukingo wa bati, na wifi yake amesimama mbele yake, simu mkononi.

"Ile kazi ya sare za shule," wifi alikuwa anasema. "Nimeipata mtandaoni, kazi ya kumshibisha mtu mwaka. Nimempa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Unajua kwa nini? Nilikusikia kwa masikio yangu, unamwambia huyu" — akamnyooshea Maswali kidole bila kumtazama — "kwamba wateja unawakataa. Nikasema nisimlemee wifi yangu. Na cherehani chako kiko wapi?"

"Kiliuzwa."

"Lini?"

"Mtoto aliporudishwa."

"Kumbe! Na mimi nasikia cherehani kimya nasema wifi kaninunia!" Machozi yalimtoka kwa hasira. "Ungegonga ukuta! Mbao tu ile, wifi. Ungegonga!"

"Nikagonga, halafu?" Fundi alisema taratibu. "Ungesema nini? Ungesema kaka yako aliacha mzigo."

Wifi akajifunga kanga upya. Ni kweli, angesema. Wote wawili walijua angesema, tena angeongeza na habari za kisanduku.

Maswali akasogea. "Fundi, mimi ningekwambia pale konani. Nilijua. Nilitaka..."

"Dada," fundi akamkatiza, bila ukali, kama anayemkumbusha mtu mwavuli wake, "gari lenu linapiga honi."

Kweli lilikuwa linapiga. Maswali hakuenda, wala hakubaki vizuri. Alisimama pale na chupa ya maji ambayo hakuna aliyeitaka.

Fundi alikuwa amemgeukia wifi yake. "Huyo fundi wako wa ng'ambo, hana haja na mtu wa kukata nyuzi?"

"Wewe? Ukate nyuzi za yule? Wewe ndiye uliyemfundisha kushika sindano!"

"Sare zikiwa nyingi, nyuzi huwa nyingi. Mpigie."

Wifi akapiga. Akaongea akiwa amewapa mgongo, akirudia rudia "ndiyo" na "mzoefu, mzoefu." Alipogeuka alikuwa anaifuta simu kwenye kanga bila sababu.

"Anasema uje Jumatatu. Uje na mkasi wako."

"Nao niliuuza," alisema fundi. "Waliuchukua pamoja na cherehani."

"Nitakuazima wangu."

"Asante, wifi," alisema fundi, akashika njia ya nyumbani.