Sikio la Kushoto la Mwanamkuu

Walisema mwanangu kachumbiwa na jini la mikokoni. Maneno yalianzia kisimani, kinywani mwa jirani yangu Fatu, anayetafuna tambuu na kuitema mbele ya miguu ya watu. "Mwiteni Mwanamkuu muone. Ukimwita huku, yeye anakwenda kule. Anamfuata mwenyewe, mchumba wake." Basi wanawake wa Mbwera wakaanza kumtengea sahani, na akipita wananyanyua kanga zao asiwaguse. Walinitia kinyaa. Lakini neno lile lilininasa kama tope la hori la mikokoni: unalipangusa, bado lipo.

Maana ilikuwa kweli. Ukimwita huku, alikwenda kule.

Ni mwaka ule aliokufa mfalme wa Waingereza. Mume wangu Mtoro alikuwa akikata boriti, mimi na binti yetu tukikamata kaa. Nyie msioijua mikoko nawaambieni, humo ndani hamwonani. Mizizi imekaa kama matenga yaliyopinduliwa, njia hakuna. Kwa hiyo desturi yetu ni mwito. Maji yakianza kujaa, mkubwa anasimama kwenye mtumbwi, hasogei, anaita "Huuu!", na kila mtu anaifuata sauti mpaka afike. Sauti ndiyo njia.

Siku hiyo niliita. Akajibu, "Nakuja, mama!" Nikaita tena. "Nakuja!" Lakini sasa kutoka mbali zaidi. Maji yalishafika magotini. Nikauacha mtumbwi, nikashika nyayo zake pale tope lilipokuwa bado halijafunikwa. Zilipinda kulia, zikapinda kulia tena, zikajikata zenyewe. Nilimkuta kaukumbatia mzizi, maji kifuani, midomo imemkauka.

"Mwanangu, mbona unanikimbia?"

"Sikukimbii, mama. Wewe ndiye unayehama. Kila nikigeuka, uko kulia."

Nikambeba mgongoni. Kichwa chake kikaniangukia begani, ndipo harufu ikanipanda puani. Si tope, si kaa aliyeoza. Tangu arudi kutoka kwa shangazi yake Waride kule Dimani alikuwa hafungui kilemba, nami nikadhani ni haya za usichana. Nikakifungua.

Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa kwa nta nyeusi. Usaha wa kijani umeshuka mpaka shingoni, umekauka kama ute wa konokono, na nzi hawaondoki hata ukiwafukuza. Nilitapika palepale majini.

"Sikio lilipouma shangazi kanitia dawa, kasema nisikwambie," akalia. "Dawa itakimbia."

Dawa! Tulivuka mpaka Nyamisati, tukapanda lori la magome ya mikoko hadi zahanati ya Kibiti. Dresa, yule msafisha vidonda, Bwana Mshamu, alinipa bakuli la bati nishike. Akatoa nta. Akatoa kitambaa. Akatoa kinyesi cha kuku kilichokandwa kwa mafuta ya kenge. Mwisho wakatoka funza, weupe, wanene, wakajinyonganyonga ndani ya bakuli nililolishika kwa mikono yangu. Mpaka leo nikiona wali umeiva vizuri, nauona ule weupe.

"Kwa nini akiitwa anapotea?" nikauliza. "Mbona anasikia?"

"Kusikia anasikia. Fumba macho, mama." Akagonga meza upande wangu wa kushoto. Nikanyoosha kidole, sawasawa. Akaniziba sikio la kushoto kwa pamba, akagonga tena palepale. Nikanyoosha kidole kulia. Mwanamkuu, na maumivu yake yote, akacheka.

"Umeona? Sauti ikitoka kushoto, sikio la kushoto linaipata kwanza, la kulia baadaye kidogo. Kidogo mno, kope haiwahi hata kupepesa. Lakini ubongo unaipima ile tofauti, ndipo unajua upande. Hata paka na mbwa ndivyo walivyo. Ukiziba sikio moja, ubongo unapimia nini? Kila sauti inakuwa ya upande wa sikio zima."

Kumbe jini lenyewe ni nta!

Waride nilimfuata Dimani.

"Wifi, dawa ile ni ya bibi yetu," akasema, mdomo juu. "Mbona sisi hatukufa?"

"Basi njoo, wifi yangu, nikutie wewe. Bakuli ninalo, na funza wake wamo."

Akarudi nyuma, kaziba pua. Sikula kwake. Wala maji.

Sikio lilichukua muda kukauka. Kila asubuhi nilimfunga macho uani, nikamwita kutoka huku na kule, na kila alipoelekea kulia nami niko kushoto, nikaita tena. Mikokoni hakukanyaga. Halafu siku moja kisimani Fatu akaita nyuma yetu, upande wa kushoto, kwa dhihaka, "Ee mke wa jini!" Mwanamkuu akageuka moja kwa moja, akamtazama usoni.

"Labeka, Bi Fatu?"

Fatu akaimeza tambuu yake, mate na yote.

Kina mama wenzangu, epukeni haya:

Kutia kinyesi, mafuta ya kenge au mkojo sikioni.
Kuziba sikio linalotoka usaha, kwa nta au kwa tambara.
Kumfunika mtoto kichwa bila kumnusa na kumkagua.
Dawa anayoambiwa mtoto asimwambie mamaye.
Kumpeleka mikokoni mtoto mwenye sikio moja tu zima, hata kama anaitika.
Kuhamahama wakati unaita.
Kula sahani moja na wanaomtenga mwanao.

Mimi Mwajabu, mama yake.