Neno Alilosema Marcelline

Januari 2017, Marcelline alikuwa akikunja pindo za sketi za shule katika karakana ya ushonaji huko Doornfontein, ughaibuni, mdogo wake Ignace alipompigia simu kutoka Kitchanga, Kongo. Maharage ya mama yao yalikuwa yamekauka shambani, tayari kuvunwa, na wapiganaji walishaanza kuvuna mashamba ya jirani. Kambini walikokimbilia hapakuwa na chakula; watoto walilala na uji mwepesi wa muhogo. Mama alitaka kwenda kuvuna. Marcelline ndiye mkubwa, basi aseme yeye.

Marcelline aliutazama mshono mbele yake.

"Aende," akasema. "Aende mapema, kabla yao."

Mama alikwenda na wanawake wawili. Wale wawili walirudi bila magunia, na bila yeye. Mwili wa kuzika haukupatikana.

Tangu hapo Marcelline hakugusa tena maharage. Murielle, aliyeshiriki naye chumba mtaani Berea, aliacha kabisa kuyapika. Lakini katikati ya kelele za cherehani Marcelline alisikia fimbo ikipura maganda makavu, taratibu, ikipumzika kila baada ya pigo la tatu, kama alivyopura mama yake. Alizima mashine na kusikiliza. Siku moja alimuuliza fundi aliyeketi jirani yake kama naye anasikia. Mwenzake alimtazama, kisha akaongeza sauti ya redio.

Ikapita miaka miwili na ushei. Juni 2019 Ignace alipiga simu tena: ameazima kipande cha ardhi karibu na kambi, wamevuna madebe mawili ya maharage. Badala ya kufurahi, Marcelline alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba aliyemuua mama ni yeye.

Ignace akashusha sauti.

"Dada, nilipokupigia siku ile, mama alikuwa ameshaondoka tangu alfajiri. Gunia nilimfungia mimi. Nilitaka mtu mwingine naye aseme aende."

Marcelline alitafuta hasira moyoni, hakuipata. Akatafuta nafuu, nayo hakuiona. Hakujua kama mdogo wake anaungama au anamdanganya kwa kumhurumia, na alijua hatamuuliza kamwe. Lile neno alikuwa amelisema kwa kinywa chake, mama awe njiani au awe bado kambini.

Akauliza tu mbegu za msimu ujao wameziweka wapi.

Ignace akasema amezishonea ndani ya mto, anazilalia.