Neno Moja la Kubebea Vyote

Komeo la mlango wa mama mkwe lililia tak. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri, na katika giza lile sauti hiyo haikuhitaji kufafanuliwa: bibi amelala, mjukuu asiletwe. Hakuwa amegombana na mtu. Alikwisha sema, kwa upole kabisa, kwamba yeye alilea wa kwake saba na Mungu hakumwambia kuna nyongeza.

Shamila alisimama ukumbini, daftari kwapani. Miguuni pake Uwesu, mwanawe wa miaka mitatu, alikuwa amekwisha kuvaa ndala, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, tayari kwa safari.

"Twende, baba," alimwambia. "Lakini ukilia, mama yako kwisha habari yake."

Hakuwa akitia chumvi. Mwalimu Amon, anayefundisha darasa la watu wazima jioni pale Kitete, alikwisha mwonya mbele ya watu: mtoto akilia tena darasani, mama mtu atasomea nyumbani mpaka siku ya mtihani. Na nyumbani hakuna wa kumfundisha Kiingereza, na bila Kiingereza chuo cha uuguzi angekiona kwa nje tu, kama watu wengine. Masomo mengine alikuwa akiyamudu. Kiingereza ndicho kilichokuwa kinammudu yeye.

Darasani taa ya sola ilining'inia kwenye msumari. Watu wazima walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Shamila alimwamkia Bi Kuluthumu mwenye duka, akaitikiwa marahaba, akajibana pembeni yake na mwanawe mapajani. Mwalimu alimtazama Uwesu kama mtu anayetazama wingu na nyumba yake haijaezekwa. Aliandika ubaoni: *carry*.

"Hili maana yake ni kubeba. Leo tunalimaliza."

Anton, mlinzi wa ghala la tumbaku, alinyoosha mkono. "Kubeba wapi, mwalimu?"

"Popote."

"Kichwani ni kujitwika."

"Hata kichwani ni hilo hilo."

"Na mapajani? Mapajani ni kupakata."

"Hilo hilo."

"Mtoto mgongoni na kanga ni kueleka," alisema Bi Kuluthumu.

"Hilo hilo, Bi Kuluthumu."

Darasa lilitazamana, kama watu walioambiwa kwamba jirani ana shati moja tu.

"Maskini Waingereza," alisema Bi Kuluthumu. "Na mameli yote yale."

Mwalimu Amon ni Msukuma wa Igunga, na utani anaujua. "Nyinyi Wanyamwezi, babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani. Leo neno moja linawashinda."

"Walibeba, mwalimu," alisema Anton. "Wa kwenu walikuwa nyuma ya ng'ombe. Na ng'ombe anajitembeza mwenyewe."

Walicheka, na mwalimu akacheka, kisha akaendelea, kwa maana neno lilikuwa bado na mengine tumboni. Mwanamke akiwa na mimba, kwa Kiingereza ameibeba. Mwenye ugonjwa asiyeumwa ameubeba. Sauti ikifika mbali, ni hilo. Hoja ikipita kwenye kikao, nayo imebebwa. Na duka likiuza sukari, limebeba sukari.

"Langu halijabeba kitu," alisema Bi Kuluthumu. "Limesimama. Sukari ndiyo imekaa ndani."

Shamila aliandika mbio, mkono mmoja kwenye kalamu, mmoja tumboni kwa mwanawe. Ndipo Uwesu alipogonga kiwiko kwenye dawati, na mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Shamila aliujua mdomo ule. Unaanza mdomo, unafuata kidevu, halafu mabati yanaezuka. Chaki ya mwalimu ilisimama.

"Lete huyo," alisema Bi Kuluthumu, akamnyakua. "Mwalimu anataka mifano. Hii ni kupakata, andikeni."

Kwa mshangao Uwesu alisahau kilio. Alilitazama jino la dhahabu la Bi Kuluthumu mpaka likamchosha. Mdomo ulipoanza tena, Anton alikwisha mtupia begani.

"Hivi ndivyo babu alivyokwenda Bagamoyo. Ila babu hakuvutwa masikio."

Apolinaria wa dawati la nyuma alimweleka kwa kanga, akatembea naye mpaka dirishani akimwimbia kwa Kinyamwezi. Vijana wawili wa gereji wakampokea, mmoja miguu, mmoja mikono, wakampeleka hadi mlangoni na kurudi, naye anacheka mpaka kwikwi. Kumtwika hakuna aliyejaribu. Mtoto si ndoo.

"Na hiyo ya watu wawili?" aliuliza mwalimu.

"Mzobemzobe."

"Kwa Kiingereza inakuwaje?" aliuliza Anton.

Mwalimu alifikiri. Alitazama ubao, akatazama dari. "*Carry*," alisema.

Darasa lilisikitika.

Shamila alikuwa amejaza ukurasa na wa pili. Magoti yake yalikuwa mepesi hata akayaonea shaka. Mara mbili aliyapapasa kuhakikisha hajamdondosha mtu. Alipoinua kichwa, vijana walikuwa wamemtua Uwesu mbele ya darasa, na mwalimu alikuwa akimtazama yeye.

"Mama Uwesu."

"Naam, mwalimu."

"Nilisema akilia."

"Ulisema."

"Hajalia."

"Hajalia, mwalimu."

"Lakini hili ni darasa, si ngoma. Watu wamekuja kusoma." Aliwatazama watu waliokuja kusoma. Apolinaria alikuwa bado anakunja kanga yake. "Kwa hiyo kuanzia kesho..."

Shamila alishika daftari kwa mikono miwili. Uwesu alimsogelea mwalimu, akasimama karibu na viatu vyake, akanyoosha mikono yote miwili juu na kungoja. Mwalimu aliitazama mikono ile. Akaweka chaki mezani, akapangusa viganja kwenye suruali.

"Kuanzia kesho mje mapema," alisema, "mchukue dawati la mbele."

Uwesu hakushusha mikono. Aligeuka akamtafuta mama yake, ili ashitaki kwa anayehusika.

"Mwalimu bado hajanibeba," alisema.