Debe la Memsaab

Mume wangu Wekoye alikuwa fundi wa nguo pale Misikhu, mpaka ng'ombe wa jembe walipomburuta akavunjika mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa, vidole vilibaki vimenyooka kama vya mtu anayekataa chai. Daktari wa Bungoma akasema twende Kitale, kuna memsaab anayeponya mikono kwa kazi. Hatukuelewa. Lakini cherehani ilikuwa imelala chini ya gunia, na mtu wa Kiminini aliyetaka kuinunua alikuwa ameanza kuipigia hesabu. Tukapanda lori la mahindi, sisi wawili na mama mkwe wangu Nakhungu, ambaye hangekubali kuachwa.

Kitale, kila tuliyemuuliza alitushangaa. Daktari gani huyo hana sindano? Mwishowe Kagwe, muuza viazi, akatuonyesha kibanda nyuma ya hospitali. Tulichungulia tukarudi nyuma: wanaume wazima wameketi, wanasuka vikapu. Mama mkwe akaninong'oneza kwamba hii ni jela, tusitaje majina.

Memsaab alivikagua vidole vya Wekoye kimoja kimoja, kisha akampa debe la mahindi.

"Pukuchua hii na mkono gonjwa. Kila siku. Halafu leta, mimi naona."

Tulirudi nyumbani tukijiuliza. Je, haya mahindi ni malipo? Na dawa yenyewe iko wapi? Tena kwetu kupukuchua ni kazi ya wanawake. Mwenye boma akionekana na gunzi mkononi, hata kuku watamcheka. Basi mama mkwe akalimaliza debe mwenyewe, akapepeta vizuri.

Memsaab alifurahia mahindi, akashika vidole, akanuna. Vilikuwa vilevile. Akatoa debe lingine. Mama mkwe akaamua kwamba tulimpunja, kwa hivyo safari iliyofuata akaongeza na mahindi yetu juu, ili dawa isicheleweshwe.

Sasa hata memsaab akachanganyikiwa. Alitazama debe, akamtazama Wekoye, mwishowe akamshika mama mkwe viganja, vimejaa malengelenge.

"Mama, nani gonjwa hapa?"

"Si ni wewe ulitaka mahindi?" mama mkwe akasema. "Mtoto wangu majirani wamwoneje?"

Memsaab akamgeukia Wekoye. "Wewe nataka heshima ama nataka cherehani?"

Tulipofika nyumbani Wekoye akaingiza debe ndani. "Nasimiyu, funga mlango," akaniambia.

Nikakaa nje kwenye kigoda. Kila aliyekuja nilimwambia baba yuko kwa maombi. Mtu akisikia punje zikianguka, namwambia ni machozi. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona ati huyu anafaa kuwa shemasi.

Vidole vilianza kukunjika polepole, mpaka siku moja vikashika sindano. Mtu wa Kiminini akarudi mikono mitupu. Nguo ya kwanza Wekoye alinishonea mimi, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Niliivaa kanisani, na mchungaji akashukuru kwa nguvu ya maombi.

Mama mkwe naye hakuwahi kuridhika. Mpaka leo huniuliza memsaab atatoa dawa lini, na mahindi yetu alishakula.