Mbweha wa Mlango wa Nyuma

Ásbjörn alipouliza kama kuna mtu anayemlisha mbweha, nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nami nikaendelea kumimina kana kwamba swali halinihusu.

"Nani huyo amlishe?" wifi yangu Guðfinna akadakia. "Ghuba hii ina nyumba mbili, yangu na yake. Au unadhani mimi na fimbo yangu hii ndio tunaomwandalia karamu?"

"Sijasema ni ninyi," Ásbjörn akajibu. Ndiye mwindaji wa mbweha wa upande wetu, jitu la mwili lenye sauti ndogo. "Nasema tu huyu ana tabia ya ajabu. Nimejilaza kule juu kwenye mawe hadi mgongo umekufa ganzi, na mlimani hapiti. Nyayo zake zinakatiza kati ya nyumba zenu, kama mtu anayekwenda dukani."

"Labda watalii," nikasema.

"Watalii gani, wifi? Barabara yenyewe imeondolewa theluji juzi juzi."

"Basi sijui."

Nilijua vizuri sana. Nilimsogezea Ásbjörn sahani ya chapati za sukari ale, asiendelee kuniangalia.

Mume wangu Hjalti, kaka yake Guðfinna, alikufa msimu uliopita wa majani kukauka. Wiki ile ile ya mazishi nilikuwa nimekaa jikoni, redio inasoma hali ya hewa, nikaona macho mawili nje kwenye theluji. Nikatupa ngozi za samaki kupitia mlango wa nyuma. Kesho yake nikatupa tena, nikagonga bakuli la bati kwa kijiko, kama tulivyokuwa tukimwita mbwa wetu wa zamani. Ukaja kuwa mtindo. Redio ikianza hali ya hewa nami nagonga, naye anafika, jike la rangi ya kahawa, anakula huku mimi nakula upande wangu wa kioo. Sikumpa jina. Nilijiambia kwamba kwa kuwa hana jina, sifugi mbweha.

Hjalti angenielewa, au ndivyo ninavyojidanganya. Alizoea kusema kwamba katika kisiwa hiki kizima mbweha ndiye mnyama pekee wa nchi kavu aliye mwenyeji. Mbweha alivuka bahari iliyoganda kwa miguu yake kabla ya binadamu yeyote. Wengine wote, kondoo, farasi, panya, na yule kicheche wa kufugwa aliyetoroka mabandani, tuliwaleta sisi kwa meli. Hjalti aliwahi kufukua mchangani fuvu la wale sili wakubwa wenye meno marefu kama pembe za ndovu. Walijaa kwenye fukwe zetu, hadi wazee wetu walipofika wakawamaliza. "Hawa walitupokea," alisema, "na ona tulivyowalipa." Nikamwambia atoe mifupa yake mezani, nataka kupakua chakula.

Theluji ilipoyeyuka nilipaswa kuacha. Kila mtu hapa analijua hilo, hata mtoto, maana ndipo bata wa bahari wanapanda kutaga kandokando ya nyumba zetu. Wanakuja kwa sababu tunawalinda. Wakishaangua na kurudi majini, tunaokota manyoya laini waliyotandika viotani na kuyauza, na hayo ndiyo maisha yetu. Lakini bata hawa ni waoga kupindukia. Guðfinna huvaa koti moja tu akipita kati yao, koti la marehemu baba yake, kwa sababu wamelizoea. Mbweha akiwaingilia mara chache, wanaweza kuhama wote wasirudi tena.

Nami sikuacha. Kila jioni nilijiambia hii ndiyo ya mwisho. Nilifikiri akishiba kwangu hatawagusa bata, hesabu ya mjinga. Alikuwa amezaa. Shibe yake haikuwa shibe ya watoto wake, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba hapa chini kwenye nyumba hakuna hatari.

Baada ya kahawa ile, mambo yakazidi kuharibika. Asubuhi moja nikamkuta Guðfinna amepiga magoti katikati ya viota, koti la baba yake limelowa matope. Alikuwa anaingiza mkono kwenye kiota kimoja baada ya kingine.

"Baridi," alisema. "Na hiki baridi. Wamekwenda, wifi."

"Wako wengi bado upande wa majini."

"Kwa siku ngapi?" Hakuinua uso. "Baba alinikabidhi mimi bata hawa, siyo Hjalti. Alisema Hjalti ana moyo laini. Bata wakihama, nafunga nyumba, nakwenda mjini kwenye nyumba ya wazee. Nitakaa hapa kulinda mawe?"

"Usiseme hivyo."

"Nimeshawapigia simu. Chumba kipo."

Aliponyanyuka aliniegemea mimi badala ya fimbo yake. Yeye, mwanamke ambaye hata kaburini kwa kaka yake alisimama wima akinikemea nifunge kitambaa vizuri. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilikwenda nyumbani nikampigia simu Ásbjörn.

"Njoo jikoni kwangu jioni," nikamwambia. "Uje na bunduki."

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Haya," alisema, na hilo ndilo lililoniuma. Afadhali angenitukana.

Alikaa kwenye kiti cha Hjalti, dirisha limefunguliwa kidogo. Hali ya hewa ilipoanza redioni nilitoka nje na bakuli la ngozi za samaki. Bado ningeweza kumfukuza. Ningepiga kelele moja tu, akimbie, asirudi. Ningempoteza yeye, lakini angebaki hai. Ila bata asingewaacha, na Guðfinna angeondoka. Niligonga.

Alitokea upande wa viota, anatembea bila wasiwasi, jua la jioni limempiga ubavuni. Mdomoni alikuwa na yai. Aliponiona alisimama, akaliweka chini kwenye majani taratibu, asilivunje, akaja kwangu kwa ajili ya ngozi za samaki. Sikuangalia pembeni. Nilidhani nikiangalia nitakuwa nimelipa angalau kitu, na si kweli, sikulipa chochote.

Mwangwi wa bunduki ulirudi kutoka mlimani. Ásbjörn akatoka, akamwinua mbweha, akampapasa tumbo. "Ananyonyesha," alisema. "Shimo halitakuwa mbali. Lazima niende sasa hivi, watoto wasilie njaa usiku kucha."

"Nenda."

Akamlaza chini, akapanda mlimani bila kuniaga. Nilikuwa bado nimesimama pale na bakuli mkononi Guðfinna alipofika, anahema, fimbo inazama kwenye tope. Alimwangalia mbweha. Akaliangalia bakuli, kisha ngozi za samaki.

"Wifi," alisema. "Ulikuwa unamlisha wewe."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya mazishi."

Nilitegemea matusi, na anayajua sana. Nilikuwa nimeshajiandaa kuyapokea yote. Badala yake akakaa juu ya gogo la kuchanjia kuni.

"Wiki ile nilikuletea samaki wa kuchemsha," alisema. "Na viazi. Nilivuka kijito kwenye barafu na goti langu hili. Ulifungua mlango nusu, ukaniambia umeshiba, unataka kulala."

"Nakumbuka."

"Nikajisemea, mjane huyu, mwache apumzike. Nikakuachia sufuria mlangoni. Ulipoirudisha haina kitu nilifurahi, nikasema, afadhali anakula. Majira yote ya baridi nimekula peke yangu nikiangalia taa ya dirisha lako, nakuogopa, nisije nikakusumbua."

Ningemdanganya tena kama ningeweza, lakini uongo ulikuwa umeniishia.

"Samaki wale hukuwala," alisema.

"Sikula, wifi. Nilimpa yeye."

Kutoka mlimani ukasikika mlio wa bunduki, halafu mwingine. Guðfinna alishtuka mabega kila mara ulipolia. Kulipotulia alimwangalia tena yule mbweha, manyoya yake ya msimu wa baridi yalikuwa yameanza kupukutika shingoni.

"Alimaliza?" akauliza.

"Alimaliza vyote. Hata viazi."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaiegemea fimbo yake, akasimama, akashika njia ya kijitoni kwenda kwake, nami sikuthubutu kumwita.