Sanamu Iliyofunguliwa Nati

Bwana Telfò wa manispaa aliingia uani kwa Ismena bila kuita "Heshima!" mlangoni, kama kila mtu wa jiji letu la Pòtoprens aliyelelewa vyema anavyoita na kusubiri mwenyeji amjibu "Taadhima!" Alisimama mbele ya sanamu ameziba pua, na wala haikuwa inanuka.

"Hii takataka inaondoka kesho asubuhi," alisema. "Wageni wa serikali watapita mtaa huu. Ila una bahati. Hoteli ya kule mlimani wanaitaka. Wataisimamisha ukumbini na kibao chake: Sanaa ya Jalalani."

"Na majina ya wenye vitu?"

"Majina gani, dada?"

Sanamu ile ilikuwa ya mwanamke aliyepita paa kwa urefu, na mwili wake wote ulikuwa vitu vilivyotupwa na mtaa. Ismena hakufunga hata kimoja kabla ya kumtafuta aliyekitupa na kumuuliza habari zake. Tumbo lilikuwa karai la Mama Klermiz, aliyekaanga ndizi barabarani akasomesha watoto, mpaka askari wa manispaa walipolipiga teke na mafuta yake wakimfukuza. Bega lilikuwa beseni la mzee Antenò. Alilishia nguruwe wake humo, enzi zile wakubwa walipoamuru nguruwe wetu weusi wachinjwe wote, eti wana homa. Hatujasahau.

"Wageni hawana muda na hadithi za makarai," alisema Telfò.

"Basi hawana muda na sisi."

"Usinichoshe, Ismena. Kule hotelini utakuwa mtu. Hapa utabaki muokota vyuma."

"Vyuma ninavyookota mimi, bwana, vimefanya kazi kukuzidi wewe."

Mama Klermiz, aliyekuwa ametega sikio nyuma ya ukuta, akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi lori likaja, lenye mkono wa kunyanyulia mizigo, na askari nyuma yake. Ismena alikuwa amewaza kulala mbele ya matairi. Lakini wangemburuta tu, na sanamu ingepanda mlimani nzima nzima, ikasimame mbele ya wenye vikombe vya kahawa, bubu. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye kazi ile. Akaegemeza ngazi, akapanda na spana mkononi. Hakuwahi kuchomelea kitu hata siku moja, kila kitu alikifunga kwa nati, maana kwake cha mtu kilibaki cha mtu.

"Mama Klermiz! Njoo uchukue chako!"

"Mwanangu, umerogwa? Unaibomoa?"

"Njoo, mama, wasije wakakichukua wao!"

Nati ikalia, karai likatoka, na Ismena akahisi kama anajing'oa jino mwenyewe. Klermiz akalipokea, akaligeuza, akalitazama. Kisha akachukua upawa akaligonga. Paa!

Mtaa ukaelewa. Sisi tukichoka na mabwana hutoka milangoni tukagonga chochote cha chuma. Tunaita kupiga giza, hata kama jua liko utosini. Antenò akaja mbio na mkongojo wake. "Beseni langu! Nguruwe wangu waliwakosea nini?" akapiga kelele usoni pa Telfò, halafu akagonga. Wengine wakajipanga chini ya ngazi, kila mmoja akitaja chake kilikuwa nini na nani alikivunja, huku Telfò akiamrisha askari ambao hawakuwa wakimsikia tena.

"Bosi, nipakie nini?" dereva akauliza.

"Kilichobaki!"

Kilichobaki kilikuwa nguzo tupu iliyokuwa imebeba sanamu. Wakaipakia.

"Iandikieni kibao chake!" akapaza sauti Klermiz.

Wageni walipopita, vioo vya magari yao vilikuwa vimefungwa. Nyuso zao ziligeuka huku na huku, maana mtaa mzima ulikuwa milangoni, unagonga.

Jioni Ismena alikwenda, ngazi begani, kukusanya vitu vya sanamu yake. Alimkuta Klermiz barabarani, palepale alipofukuzwa, amewasha mkaa na mafuta yanachemka ndani ya karai.

"Mama, naliomba, nianze upya."

"Nani akupe? Nilitupa kwa hasira. Leo hasira nimezimaliza kwa kugonga."

Ismena akaudhika, akaudhika kweli. Ng'ambo ya barabara askari wawili walikuwa wanatazama lile karai, wakitazamana wao kwa wao, hakuna aliyesogea. Akailaza ngazi chini, akaikalia katikati ya karai na askari.

"Basi nipe ndizi," alisema. "Na pilipili, usinibanie."